Kwenu Kuna Nini

Leo ni siku ya kumi na moja Shaba yuko kwenye joto,
na dume la Ngowa limelala nje ya geti langu
tangu adhana ya alfajiri, kidevu juu ya ukingo wa mtaro,
kama mposaji aliyeambiwa asubiri wajomba.

Ngowa amepiga simu mara tatu.
Ana hesabu yake: watoto sita, saba Mungu akipenda,
na mama mmoja wa Nyali ashatoa arubuni.
Elfu kumi na mbili kila mmoja, tugawane nusu kwa nusu.
"Shaba ni mzima," asema. "Hebu yatazame manyoya!"
Kweli, manyoya yang'aa kama sufuria ya harusi.

Kweli pia: miaka mitatu iliyopita, hapa Mikindani, sebuleni,
alianguka kati ya kochi na feni,
taya zikagongana, mkojo ukatambaa hadi mlangoni,
nami nimepiga magoti namwita kwa jina
ambalo hakulijua tena.
Mara nne mwaka ule.
Kisha nusu kidonge asubuhi, nusu jioni,
nikikificha ndani ya utumbo wa kuchemsha.
Kisha ikakoma. Sijui kwa nini ikakoma.

Daktari Saumu wa Tudor hakunidanganya, wala hakunisaidia:
"Huenda ni sumu aliyookota jalalani.
Huenda imo damuni, imelala.
Damu haina dirisha, mama. Lakini ningekuwa wewe..."
Simu yake ikalia, paka wa mtu akapiga ukelele,
na sentensi ile mpaka leo haijaisha.

Dada yangu Mbodze naye alianguka, mara mbili tu,
darasa la tano, mbele ya mlingoti wa bendera.
Mara mbili, na haikurudi.
Ila walipokuja wale wa Mariakani na kikapu chao,
shangazi yao mwenye jino la dhahabu aliuliza
huku akipuliza chai: "Na kwenu, kuna nini?"
Tulinyamaza kupita kiasi cha adabu.
Chai hawakuimaliza.

Yule shangazi nimemlaani miaka kumi na minane.
Leo nimesimama getini, kufuli mkononi,
na swali lake limo kinywani mwangu.

Jioni Mbodze akaja na dagaa kwenye karatasi.
Nilitaka aseme, Fungua.
Alimkuna Shaba nyuma ya sikio, muda mrefu, kisha:
"Usinitie mimi katika mambo ya mbwa wako.
Mimi nilikuwa na nyinyi. Mlinishika kichwa.
Huyo mtoto wa mbwa akianguka juu ya zulia la Nyali
atashikwa na nani?"
Halafu akaomba ndimu.

Nikamwandikia Ngowa: Hapana. Nikafuta.
Nikaandika: Mwambie yule mama kwanza, yote.
Akajibu papo hapo: Ukisema hayo nani atanunua?

Kufuli nimeifunga. Usidhani ni wema;
ada ya Dama bado ina pengo la elfu tisa
na dume lile linakwangura bati, linakwangura,
na Shaba ananitazama kama mwizi.

Usiku, chini ya feni, miguu yake inaanza kukimbia.
Nimeshashuka kitandani kabla sijaamka,
nahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu.
Kwenye tisa anashusha pumzi, anageukia ukutani.
Ndoto, nadhani.
Sakafu ina baridi. Nabaki hapo hapo.