Mvua ya Chumbani

Mayai yalikuja ndani ya kiberiti,
madogo kuliko mbegu za mchicha.
Nikayashona katika kitambaa,
nikayafunga kifuani, chini ya titi la kushoto,
siku kumi na mbili nikilala chali.
Mama mkwe akacheka: Basira, waatamia kama kuku?
Nikamjibu: kuku hapigwi marufuku.

Wakaanguliwa Jumatano, nukta zilizopata uhai.
Tangu hapo nyumba si yetu.
Trei za matete chumba cha wageni,
trei juu ya sanduku la arusi yangu,
trei juu ya madaftari ya kemia
niliyokuwa nayasahihisha siku shule ilipotiwa kufuli.
Nilab hulala chini yao, anaokota majani nyweleni.

Yunus ana miaka minane,
naye ndiye maharimu wangu.
Kamba za viatu namfungia mimi,
kisha yeye ananitoa nje.
Twaenda kwenye miforsadi ya Haji Sadruddin
kabla hakujapambazuka.
Narudi na gunia la majani mgongoni,
yeye mbele, mikono mitupu,
akikohoa kizee,
kwa sababu nimemfundisha kukohoa.

Wiki ya nne viwavi hawali, wanafakamia.
Sauti yao, wewe usiyepata kuisikia,
ni mvua:
mvua ya usiku kucha ndani ya nyumba kavu,
katika wilaya isiyoona tone mwaka wa tatu.
Mama mkwe huzinduka usingizini
akanyoosha kiganja dirishani.

Bibi mmoja wa shirika, kabla hawajafukuzwa,
aliniambia: ninyi ni kama hawa,
siku moja mtatoboa, mtoke na mabawa.
Alikuwa mwema. Alileta sabuni.
Sikumwambia kwamba anayetoboa huharibu uzi,
kwamba sisi huwachemsha kabla,
nyuzi themanini na tano, hazipungui hazizidi,
na harufu yake hukaa nyweleni mpaka Idi.
Mabawa hayanunui unga.

Msimu uliopita ulinunua unga: magunia mawili.
Na dawa ya kifua ya mama mkwe,
nusu ya deni la duka la Ghulam Nabi,
na kalamu tatu alizokuja nazo Yunus
zimezikwa ndani ya mchele.
Baba yao yuko Mashhad, au hayuko.
Simu yake inaita upande wa pili wa dunia
kisha mwanamke wa mashine anazungumza kwa adabu.

Jana mlango uligongwa kwa kitako cha bunduki.
Nikasimama nyuma ya pazia.
Tumesikia hapa pana kazi ya wanawake.
Yunus akakohoa.
Na huo mchakato wa nini humo ndani?
Mvua, akasema mwanangu.
Yule mtu akatazama juu. Mbingu nyeupe, vumbi tupu.
Akatazama muda mrefu, kama anayetaka kuamini.

Kwenye upenyo wa pazia nikakiona kilemba chake:
hariri, rangi ya maziwa ya kwanza,
na kwenye mkunjo wa tatu
kile kifundo cha mkono wa kushoto
ninachokifunga mimi, uzi ukinikatikia.
Na hariri kwa mwanamume,
tulifundishwa chuoni tungali na meno ya utoto,
ni...

Nikaumeza ulimi wangu mzima mzima.

Wenzangu huwavika wakubwa kilemba cha ukoka.
Mimi huyu nimemvika cha kweli,
siku arobaini za kifua changu na macho ya binti yangu,
naye akakinunua kwa mtu wa tatu,
mimi nikapata bei ya mtu wa kwanza.

Wakaondoka. Wakamchukua jogoo.
Mama mkwe akafunga mlango, akakaa chini polepole:
Kumbe hata kuku, Basira.

Tukacheka mpaka tukaziba midomo.
Kisha tukasikia kimya.
Mvua imekatika: majani yamekwisha,
wameinua vichwa vyao vyote elfu, wanangoja.

Yunus, leta mguu.
Nikufunge kamba.