Kichwa cha Tano

Shemeji Mharami, boti ndiyo hiyo,
imeegemea ukuta wa choo, njano iliyopauka
kama ganda la ndizi la juzi.
Niliinunua Kunduchi, hoteli ilipofilisika.
Mlinzi akaniuliza, "Hii Boko utaifanyia nini?
Kuoshea nguo?"
Mtoe kuku kwanza. Ametaga humo.

Unataka kwenda nayo Mpiji Jumamosi
kwa kuwa umesikia kambale wamenona tangu mvua.
Wamenona, kweli.
Uliza na nani mwingine kanona.

Mimi fundi friji. Wanyama sijawasomea.
Ila miaka kumi na tisa nimekula
kwa kusikiliza kitu kinachonguruma gizani,
na ninajua hivi: kikinguruma, mwenye duka analala.
Kikinyamaza, simu yangu inalia.

Kiboko ni hivyo hivyo.
Akikoroma kule kwenye matete, mshukuru,
amekupa anwani yake.
Gonga ubavu wa boti kwa kafi, ko, ko,
nawe umpe yako.
Na usikae kati yake na maji marefu.
Anarudi alfajiri, ameshiba, anataka kulala;
hata wewe ungefanyaje
ukimkuta mtu kasimama mlangoni
na kitanda chako unakiona?

Mamba hakoromi.
Mamba anahesabu siku.
Ukishusha boti palepale, saa ileile,
Jumamosi hata Jumamosi,
wewe unaita mazoea, yeye anaita miadi.
Leo shukia darajani, siku nyingine
kwa wachimba mchanga.
Samaki uliyemvua usimfunge kamba
ukamkokota pembeni.
Na miguu ndani. Najua jua la saa nne,
najua maji yanavyokuita nyayo.
Miguu ndani, Mharami.

Jaketi linanuka dizeli. Livae.
Halizuii meno, linazuia kuzama;
vifo ni viwili, punguza kimoja.

Nikwambie Alhamisi ile, kabla ya Maulidi?
Nilifika ukungu haujainuka.
Nikahesabu vichwa kama kawaida yangu,
huwa vitano, na ndama akiwa mgongoni mwa mama yake.
Vinne.
Nikahesabu tena, kama mtu
anayehisi kapunjwa chenji.
Vinne. Na mto umenyamaza
kama friji iliyokatika gesi.
Chambo kiko kwenye ndoano tayari,
kambale wanapiga mikia mbele yangu
karibu kiasi cha kutukanana.

Sikuingia.
Nikajitwika boti kichwani nikapanda ukingo,
na Kondo, yule mchimba mchanga,
akacheka mpaka koleo likamponyoka:
"Fundi kakimbia maji matupu!"

Nyumbani dada yako ameshabandika maji ya ugali.
Akaitazama ndoo, akanitazama mimi,
akamtuma mtoto mchicha.
Hakusema kitu.
Alisonga tu kwa nguvu kuliko siku zote.

Mpaka leo sijui kichwa cha tano kilikuwa wapi.
Pengine kimelala zake mbali, kule kona ya chumvi.
Pengine kilikuwa chini
ya pale pale ningepokanyaga.
Redio haikumtangaza
mtu wa Boko ambaye hakuliwa.
Hakuna aliyekuja kunipa pole
ya jambo lisilotokea.
Mchicha wenyewe ulikuwa na mchanga.
Nikaula wote.

Basi, filimbi iko kwenye mfuko wa jaketi.
Kondo mwachie namba yako ya simu,
anacheka sana lakini ana macho.
Mwambie unarudi saa ngapi, halafu urudi saa hiyo.
Ukija na ndoo tupu, pita mlango wa uani,
hakuna atakayekuuliza.

Ila si Jumamosi hii.
Nimechungulia sasa hivi: kuku anaatamia,
mayai saba,
na amenitolea jicho
kama mwenye mto.