Sabuni ya Karafuu, Gramu Mia

Ghorofa ya nane, Portsmouth. Dirisha la jikoni
linatazama feri ya usiku ikienda Ufaransa.
Feri haiulizwi maswali mengi kama sabuni yangu.

Duka langu halina mlango:
lina picha nne, bei tatu, na kitufe.
Nilidhani biashara ni mzani na maneno matamu.
Hilali, mtoto wa dada, anayesomea sheria,
akaja Jumapili, akala mchuzi wa pweza sahani mbili,
akafungua kompyuta: Mama mdogo,
ukiuza hapa Hampshire ni jambo moja,
ukivusha maji ni ngoma nyingine.

Basi nikajifunza.
Karafuu isiitwe karafuu. Kwenye lebo iandikwe Kilatini,
ili mtu wa Lisbon na mtu wa Riga
wajikune kwa lugha moja.
Kitufe kisione haya; kiseme wazi
kwamba ukinigusa, unalipa.
Kodi ikae ndani ya bei
kama kokwa ndani ya tende.
Vidakuzi, nami nilidhani vinaliwa,
vibishe hodi kwanza, na mgeni akikataa
basi, usimshike nguo.

Na awepo mtu huko huko Ulaya, mwenye mlango na saa za kazi,
wa kubeba lawama ngozi ya mtu ikivimba.
Nikampigia Khelef, Rotterdam.
"Nitabeba," akasema, "lakini lawama ina nauli."
Tukapatana: euro mia mbili kwa mwaka,
na mche mmoja kila Idi.

Masharti Hilali aliniletea kurasa kumi na moja.
Nikayasoma hadi chai ikaota utando.
Nikaona bora niyatunge mwenyewe:

    Mnunuzi una haki, siku ni kumi na nne
    Rudisha, hulaumiki, sababu usiinene
    Ukifungua sitaki, hata kama tupigane
    Fedha yako siishiki, narudisha tuachane

Hilali akacheka mpaka akakohoa.
"Vina vipo. Fomu ya kughairi iko wapi?
Mahakama haihesabu mizani."
Nikaweka kurasa zake zote kumi na moja.
Beti langu nikaliacha chini yake, kwa herufi ndogo.

Lililoninyima usingizi lilikuwa dogo:
jina kamili, na mahali unapoishi,
pasomwe na yeyote, pasifichwe.

Miaka sita katika nchi hii sikuandika anwani popote.
Nilikuwa nangoja barua ya Wizara, nikilala kwenye sofa za watu,
Fratton, Gosport, chumba cha mama mmoja
aliyeniita Mary kwa sababu jina langu lilimchosha.
Ukiulizwa unakaa wapi, unajibu: kwa rafiki.
Ukisikia mlango unagongwa, unazima redio.
Na sasa sheria ya watu nisiowajua
inanikataza kuuza hata povu
kabla sijasema mimi ni nani
na nikitafutwa napatikana wapi.

Nilikaa, kidole juu ya kitufe,
mpaka feri ya asubuhi ikaingia.
Kisha nikaandika. Mwanakombo Ussi Faki.
Namba ya nyumba. Ghorofa. Mtaa. Msimbo wa posta.
Nikazima taa kama mtu aliyeiba.

Mche wa kwanza ulikwenda Rostock.
Siku ya kumi na tatu ukarudi,
karatasi haijachanwa, sababu hakuna.
Nikamrudishia fedha zake, na ile ya kusafirishia,
huku nikisonya, maana sheria haikatazi kusonya.
Sabuni nikaitia bafuni, nikaogea mwenyewe.

Lakini bahasha sikuitupa.
Mtu wa Rostock ameandika kwa kalamu ya wino,
polepole, naona alivyokuwa akitazama na kunakili,
jina langu lote matatu,
hakuna herufi iliyoruka.
Iko mlangoni mwa friji, imeshikwa na sumaku.