Gugu la Vipepeo

Mbegu zililala miezi mitatu kwenye friji,
kati ya siagi na chupa ya achari,
zimefungwa kitambaa kibichi ndani ya mfuko
ulioandikwa kwa kalamu nene: SI CHAKULA.
"Haziamki," alisema Ardis Brekke,
"mpaka ziamini kwamba zimepitiwa na theluji."
Mumewe Verlyn, aliyepima nguruwe kiwandani miaka thelathini,
akasema hajapata kuona kiumbe
kinachodai kuteswa kwanza ndipo kizaliwe.

Mwaka wa kwanza, majani manne.
Mwaka wa pili, kijiti, kimo cha kalamu;
sungura akakikata mshazari,
safi, kama mkasi wa fundi cherehani.
Ardis hakusema neno. Alikizungushia waya wa kuku.

Mwaka wa tatu Mei ilishuka Iowa na mizigo yake yote:
tulipu kwa jirani, majani ya barabarani hadi magotini,
na kwake udongo mtupu, mweusi, umenyamaza.
Verlyn akatoka na sepetu.
"Kimekufa hicho. Tupande nyanya."
"Rudisha sepetu bandani.
Mzizi wake umezama chini kuliko tulipomlaza baba yako.
Anayeitwa kutoka mbali hivyo
haji mbio."

Wiki ya kwanza ya Juni,
pua nyekundu.
Kisha ya pili, ya tatu,
zikichungulia kama wageni wasio na hakika na nyumba.

Watu wa kule huliita gugu,
na manispaa nayo iliandika hivyo katika barua yake
(Ardis aliibandika pale pale, mlangoni mwa friji).
Lakini Julai gugu lilifumua rangi ya chungwa isiyo na haya.
Nyuki wanene wa manyoya wakaja, suruali zimejaa chavua,
wakang'ang'ania vishada mpaka vikainama.
Na alasiri moja kipande cha ua kikajibandua,
kikapepea, kikavuka ua wa jirani.
Ardis alihitaji kitambo kutambua kwamba ni kipepeo.

Sasa majani yana matundu.
Viwavi, mistari myeusi, myeupe na ya manjano,
wanatafuna mchana kutwa bila kuinua kichwa.
Ardis hawafukuzi; kwa ajili yao alipanda.
Jioni ndipo Verlyn huvuta kigoda,
huvaa miwani, huinama juu yao,
na mkono wa zamani, usiostaafu,
hukadiria uzito:

"Huyu bado.
Huyu bado.
Huyu, kesho."