Herufi Yenye Kofia

Nilimwendea nikitaka Kifaransa cha mizani:
gunia ngapi, kilo ngapi, nani kalipa, nani bado.
Pale Bwera, kwenye ghala la kakao la shemeji yangu,
wanunuzi wanavuka kutoka ng'ambo, Kifaransa kinywani
kama watu wanaotafuna muwa,
nami nasimama na kalamu, naitikia wi, wi,
naibiwa kwa adabu.

Mwalimu Nzanzu alihesabu noti zangu mara mbili,
akazichomeka ndani ya kamusi isiyo na jalada,
akaandika ubaoni (ubao ni mlango wa jiko lake):

que je vinsse
que tu vinsses
qu'il vînt

Nikauliza: hii ndiyo bei?
Hii ni dhamira tegemezi, akasema, wakati usiotimia.
Nani huisema?
Hakuna.
Hata Paris?
Hata Paris wameiacha vitabuni
kama suti ya marehemu: hakuna anayeivaa,
hakuna anayethubutu kuitoa sadaka.

Basi wiki tatu, shemeji akinipigia simu,
lori limefika, kakao inaota kuvu, uko wapi wewe,
mimi niko mbele ya mlango wa jiko natafuna
vinssions, vinssiez,
zile s mbili zikipiga mluzi kwenye pengo la jino langu.
Ndani binti yake anakaanga mandazi, anacheka,
na kila akiufungua mlango atoke kuchota maji
nusu ya kitenzi inaondoka naye.

Siku moja nikachoka.
Mwalimu, nikasema, Kiswahili hakina makuu.
Nataka aje. Nilitaka aje.
Aje ni ileile, jana na kesho, haizeeki.
Na yakiwa majuto tunayo -ngali-:
angalikuja, tungalikula.

Akatikisa kichwa, vumbi la chaki kwenye nyusi.
Ukisema angalikuja, nitangoja umalizie.
Ingalikuwaje? Mngalikula nini?
Hii haidai kumaliziwa.
Hii ni kutaka tu,
kutaka ambako kwenyewe kumeshapita.

Akafuta kwa kiganja. Akaandika taratibu:

Je voulais qu'elle traversât le pont.

Nilitaka avuke daraja.
Itazame hiyo a, akasema. Unaiona kofia yake?
Zamani pembeni palikaa s.
Ikafa midomoni mwa watu, polepole, bila matanga,
wakaiezekea kibanda kidogo, basi.

Sikumuuliza ni nani.
Mpondwe nzima inajua asubuhi ile ya mto Lubiriha,
daraja limejaa godoro na mbuzi na masufuria,
yeye amekwisha kufika upande huu, mtoto mgongoni,
na Kavira karudi nyuma mara moja tu
kuchukua kitu.
Wengine husema cheti cha ndoa.
Wengine, chumvi.

Binti akafungua mlango.
Traver ikabaki kwenye ubao wa kushoto,
sât le pont ikaingia kwenye moshi.
Sikujua kama naye anasoma yaliyoandikwa mgongoni mwa jiko lake.

Kifaransa cha mizani nilikuja kufundishwa na madereva,
alasiri moja, kwa chapati mbili na chai.
Siibiwi tena, au naibiwa nikielewa.
Lakini Jumatano bado naenda.

Juzi alinipa chaki, nitunge mwenyewe.
Nikaandika yake, maana yangu sikuwa nayo:
Nilitaka aje. Je voulais qu'elle vint.
Nikasahau kofia.

Mwalimu akasogea. Akaiangalia ile i
na kinukta chake kichwani, kama nyingine zote.
Bila kofia, akasema, kitenzi hiki kimetimia.
Bila kofia maana yake ni: alikuja.

Akainua chaki.
Chaki ikafika karibu na herufi, ikasimama.
Ndani mafuta yalikuwa yanachacharika,
binti akiita, baba, sahani.

Hakusahihisha.
Jumatano, akasema akijipangusa mikono,
tutaanza kitenzi cha kuweza.