Maneno Mia Sita na Hamsini

Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
nami nimeinama,
shavu kwenye zulia, mkono ndani ya sanduku la viatu,
natafuta karatasi ya kodi ya mwaka juzi.
Fomu ya msaada wa ada inataka kujua
nalipwa nini, nimeweka nini, nadaiwa na nani.
Hata mama mkwe hakunihoji hivyo
nilipokwenda kuposa.

Wakesho yuko mezani, kofia ya sufu kichwani.
Anasoma kwa sauti, vidole vikingoja:
"Kiwango cha elimu, mzazi wa kwanza."
Kidato cha nne, nasema.
"Mzazi wa pili?"
Mghoi anajibu toka jikoni, kupitia mvuke wa sufuria:
Kidato cha nne, na cheti cha ushonaji.
Andika na cheti cha ushonaji!
Kisanduku cha ushonaji hakuna.

Hapa Lowell, Novemba huingia bila hodi.
Saa kumi na nusu jioni taa za barabarani zimewaka,
mto Merimaki umeshika rangi ya bati,
nami napiga pasi sare ya zamu ya usiku.
Huko nawageuza wazee wa watu
kila baada ya saa mbili, wasipate vidonda.

Jumanne alirudi shuleni kanuna.
Mshauri kamwambia insha yake ni nzuri
ila haina jeraha.
"Tafuta palipouma," kasema,
"vyuo hupenda kuona mtu alivyoinuka."
Akanifuata hadi garini, ndara miguuni,
juu ya theluji ya kwanza, akagonga kioo:
"Baba, sisi tuliteseka?"

Nikazima injini.
Kumbe mtu anaweza kuombwa shida
kama jirani anavyoombwa chumvi,
akapekua kabati lote
akaona haya, hajui atoe ipi.

Nikampa ile ya hita.
Ulikuwa na miaka saba. Januari.
Hita ikafa siku nne, mwenye nyumba hapokei simu.
Tukalala jikoni sote wanne, mlango wa oveni wazi,
mama yako kwenye stuli, anauchunga moto hadi asubuhi.
Nami nikaingia bafuni, nikafungulia bomba
ili nilie msinisikie.
(Hilo la bomba sikulisema.)

Uso wake ukafunguka.
"Aa, usiku wa chapati!
Mlipika saa saba za usiku!
Mwakio akala sita, akatapika ndani ya kiatu chako.
Baba, ile ilikuwa sikukuu."

Nikatia gia, nikaenda kazini,
shida yangu pekee yenye maana
imeshaliwa na watoto ikiwa moto.

Insha hakunionyesha.
"Ukisoma utaanza kusahihisha mikato."
Wiki sita nikaishi na mlango uliofungwa,
sahani naiacha nje, naikuta tupu,
siku nyingine naikuta vilevile.
Mghoi alinikataza kuuliza.
Sikuuliza. Nilipita tu mara nyingi kwenye ule ujia,
nikikohoa.

Usiku wa mwisho wa kutuma nilikuwa zamu.
Chumba cha kumi na nne, bwana Pelletier,
miaka tisini na mmoja, enzi zake fundi wa viwanda vya nguo,
bado vidole vyake hufunga nyuzi hewani akilala.
Saa sita kasoro dakika mbili simu ikatetemeka mfukoni:

Nimetuma. Maneno 650 kamili.
Nilifuta "sana" mbili ndipo yakatosha.

Kisha, kabla sijairudisha mfukoni:

Na lile bomba la bafuni nimelitia.
Lilitiririka muda mrefu mno, Baba.

Bwana Pelletier akauliza kama kumekucha.
Bado, nikamwambia,
nikatia mkono chini ya bega lake,
nikamgeuza upande wa dirisha.