Nyongeza

Tuna wiki moja ya nyumba; nyumba yenyewe si yetu.
Wiki ya arobaini na tatu, kando ya ziwa, Wisconsin,
wakati majani yameshaanguka na mashua zimefunikwa maturubai.
Mwaka huu tuliibadilisha, wiki kwa wiki,
tukapewa kitanda kinachotazama Pasifiki, pwani ya Nayarit.
Bure, alisema Lyle. Ni kubadilishana tu.
Kisha ikaja barua yenye neno lazima:
chakula cha siku saba, watu wawili,
kilipiwe kabla, ule usile.

Lyle alilipa. Siku hiyohiyo akanunua daftari.

Mapokezi walitufunga bangili za plastiki,
rangi ya chungwa, zisizovuliwa ila kwa mkasi.
Nilikumbuka ile ya hospitali, nilipojifungua Darlene.
"Dola tisini na mbili kwa kichwa kwa siku," Lyle akaninong'oneza kwenye lifti.
"Yaani kila tukiamka, tunadaiwa kula."

Nimeishi naye miaka arobaini na mmoja,
fundi matofali asiyeacha saruji ikauke karaini.
Nilijua tutakula.

Tukala.
Tukala mayai ambayo hatukuyatamani,
tukala mapapai kwa kukumbuka bei ya papai kwetu Februari.
Jumanne aliutoa mkate sahanini mwangu:
"Mkate ni rahisi, Marlys. Jaza samaki."
Kambakoche walipita juu ya vichwa vyetu
wakielekea kwa wenye bangili nyeusi.
Lyle aliwasindikiza kwa macho hadi mezani,
akafungua daftari, akalifunga.

Mhudumu wetu, Eleuterio, alimwona
akitia ndizi tatu kwenye mifuko ya koti.
Hakusema kitu. Alikwenda, akarudi na mfuko wa karatasi
uliokunjwa vizuri, akauweka kando ya kikombe
kama mtu anayeleta bili.
Lyle aliandika: ndizi, 3.
Mimi nilitazama kitambaa cha meza
hadi nikazijua nyuzi zake.

Ijumaa tumbo likamgomea.
Alilala kwa ubavu, uso wa rangi ya uji,
bado anapiga hesabu:
"Cha jioni kinapotea. Nenda ukale cha wawili."

Nilishuka. Nikaupita mkahawa wenye vyungu vya fedha,
nikalipita bwawa, nikalipita geti. Mlinzi akaitazama bangili yangu
kana kwamba nimetoroka na shuka.
Ng'ambo ya barabara palikuwa na toroli, taa moja,
moshi wa samaki, na viti vinne vya plastiki.
Kwenye kimoja ameketi Eleuterio,
bila koti jeupe, anakula kwa vidole.
Alisogeza kiti kwa mguu. "Mama mkwe wangu," akasema,
na Doña Chayo akainua kisu kunisalimu.

Peso sitini. Nilizihesabu mwenyewe, moja moja,
na sijui kwa nini mikono ilinitetemeka.
Chapati za mahindi mbili, kabichi, ndimu, pilipili
iliyonitoa machozi mbele ya watu nisiowajua,
nikayaacha yatiririke, maana yalikuwa na kisingizio.
Nilipoinuka, Doña Chayo akafunga nyingine kwenye karatasi,
akanisukumia kifuani.
Nikatafuta sarafu. Akanipiga kofi dogo la mkono.
"Pilón," akasema.
Eleuterio akatafuta maneno ya kunifahamisha:
ya juu ya ile uliyonunua. Haiulizwi.

Lyle alikuwa macho.
Akanusa. "Hii si ya huku ndani."
"Si ya huku ndani."
"Bei gani?"
"Nimepewa."
Akageukia daftari pale kwenye stuli, kalamu ikasimama.
Palikuwa na safu ya vilivyolipiwa, safu ya vilivyoliwa,
na nafasi nyembamba ya hasara.

Akaiweka kalamu.
Akala nusu, polepole, akitafuna kama mtu
anayesikiliza kitu chumba cha pili.
Nusu iliyobaki akanisogezea,
samaki wote upande wangu.